Darubini ya redio haina spika

Siku ya wageni kwenye darubini yetu ya redio, swali la kwanza nalijua kabla halijaulizwa. Mtu analikazia macho dishi, kisha ananigeukia na kuuliza kwa sauti ya chini, kama vile tuko wodini: "Sasa hivi mnasikia nini?" Juzi mmoja aliniomba kabisa hedifoni. Nilipomwambia hatuna alinitazama kama ninamnyima.

Hatusikii kitu, na hakuna aliyewahi kukaa kwenye chumba chetu akitega sikio. Mawimbi ya redio ni mwanga. Ni jamaa moja na mwanga wa taa na wa Jua, na mwendo wao ni ule ule, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kinachowatofautisha ni urefu wa wimbi. Wimbi la mwanga tunaouona kwa macho halifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, ilhali la redio huanzia milimita hivi na kuendelea hadi mita nyingi. Sauti ni kitu kingine kabisa: ni mtikisiko wa hewa, na kati ya nyota hakuna hewa ya kutikisika hadi ikufikie sikioni.

Nadhani neno lenyewe ndilo linalotuponza. Kwetu redio ni kile kisanduku kinachosema. Lakini hata hicho, kinachoingia kwenye antena yake si sauti ya mtangazaji, ni mawimbi. Sauti inatengenezwa na spika, mle mle ndani ya kisanduku. Darubini ya redio ina antena na kipokezi, spika haina. Mwisho wa mstari kuna namba: nguvu kiasi gani imefika, katika masafa gani, saa ngapi. Basi.

Mfikirie Jocelyn Bell, mwanafunzi wa Cambridge, mwaka 1967. Kalamu ya mashine yake ilikuwa inachora mstari wa wino kwenye karatasi, karibu mita 30 za karatasi kwa siku, naye akazipitia kwa macho, kipande kwa kipande. Katikati ya mikwaruzo akaona alama ndogo isiyofanana na nyota wala na vurugu za mitambo ya binadamu. Walipoiendesha karatasi kwa kasi zaidi, alama ikafunguka ikawa midundo iliyopangana, mmoja kila baada ya sekunde 1.34 hivi. Ilikuwa pulsa ya kwanza kugunduliwa, nyota ya neutroni, yaani kiini kizito kilichobaki baada ya nyota kubwa kulipuka, inayozunguka na kutupa miale yake kama mnara wa taa wa baharini. Aliigundua kwa kusoma karatasi.

Dhana hii isingenikera hivi kama isingezaa nyingine. Mtu akishaamini kwamba tunasikiliza, lazima ajiulize ni nani anayesema. Mwaka 2025 ilipita nyotamkia 3I/ATLAS, kitu cha tatu kujulikana kuingia kwetu kutoka nje ya mfumo wa Jua. Mwezi Oktoba MeerKAT, madishi 64 yaliyoko Karoo nchini Afrika Kusini, ikapata jambo kwenye masafa ya megahezi 1,665 na 1,667. Vichwa vya habari vikaandika "ishara ya redio". Simu yangu haikupumzika. Na kwa Kiswahili ndiyo mbaya zaidi, maana ishara haijitoi yenyewe. Tukisikia ishara tunamtafuta aliyeitoa.

Kilichopatikana kilikuwa pengo. Masafa hayo mawili ni alama ya haidroksili, yaani atomu moja ya oksijeni iliyoshikana na moja ya hidrojeni, ambayo hubaki mwanga wa Jua unapoivunja molekuli ya maji. Molekuli hizo ziliyafyonza mawimbi ya masafa hayo, na kwenye grafu yakaonekana mashimo mawili membamba pale palipotakiwa kuwa tambarare. Barafu ya nyotamkia ilikuwa inageuka kuwa mvuke karibu na Jua, kama barafu za nyotamkia nyingine zote. Watu wakaambiwa kuna ujumbe, wakati data ilionyesha mahali ambapo mawimbi yamepungua!

Zile "sauti za anga" zinazosambazwa mitandaoni? Mtu amechukua namba na kuzigeuza kuwa sauti, kama unavyoweza kugeuza joto la kila siku la mwaka mzima kuwa wimbo. Si dhambi, mradi aseme.

Dhana nyingine potofu nazimaliza haraka.

Kwamba tunafanya kazi usiku tu: hapana. Anga ya mchana ni ya buluu kwa macho, si kwa redio, na mawingu ya kawaida hayazuii mawimbi marefu. Mvuke wa maji unawatesa wanaotumia mawimbi ya milimita, ndiyo sababu darubini yao ya ALMA iko Chile kwenye mwinuko wa mita 5,000.

Kwamba picha ya shimo jeusi la galaksi ya M87 ilichorwa na kompyuta. Iliundwa kwa kompyuta, kama ilivyo picha ya simu yako. Data zilikusanywa Aprili 2017 na darubini kadhaa kwa pamoja, kisha timu nne zikatengeneza picha bila kuonyeshana, na zote zikatoka na pete. Mchoro wa kubuni haufanyi hivyo.

Kwamba tunawazimisha wageni simu kwa adabu tu. Simu moja ikiwashwa juu ya Mwezi ingeonekana hapa kama mojawapo ya vyanzo vikali kabisa vya redio angani. Sasa fikiria ikiwa mfukoni mwako, hatua kumi kutoka kwenye dishi.

Ya mwisho inatoka kwa wapenzi wa kutazama nyota: kwamba baridi ndiyo inazing'arisha. Kilicho kweli ni kwamba usiku wa majira hayo ni mrefu. Mengine ni suala la upande tunaotazama. Kaskazini, Desemba hadi Februari, usiku unaelekea Jabari (Orion), Shira (Sirius) na Kilimia, nyota ambazo ni angavu zenyewe. Kusini baridi huja Juni hadi Agosti, na juu ya kichwa kunakuwa na kitovu cha galaksi yetu, kule kule yalikotoka mawimbi ya redio ambayo Karl Jansky, mhandisi wa Marekani aliyekuwa wa kwanza kuyanasa kutoka angani, aliyatangaza mwaka 1933. Kumetameta kwingi nako kusikufurahishe: hewa ya juu inachafuka, na darubini itakuonyesha sayari inayotetema kama iko chini ya maji.

Anza na darubini ya macho mawili ya 7x50 au 10x50, yaani inayokuza mara 7 au 10, yenye lenzi za milimita 50. Kama unayo kubwa, itoe nje nusu saa kabla ili kioo kipoe, na usipumulie lenzi. Yape macho dakika 20 gizani. Kisha, kama ni Desemba hadi Februari, shuka chini ya nyota tatu za mkanda wa Jabari, au panda juu yake kama uko kusini, utafute ukungu mdogo wa kijivu, ambao ni wingu la gesi la Jabari. Ndiyo, kijivu, rangi za kwenye picha zinahitaji kamera. Na ukitoa simu kuangalia kama umeupata, anza kuhesabu dakika 20 upya.