Petroli haiyeyushi silikoni ya gasketi jamani

Pita gereji za Unga Limited hapa Arusha utakuta sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, imelowekwa kwenye beseni la petroli toka asubuhi ili itoke silikoni ya zamani iliyoiziba isivuje, ukiuliza unaambiwa tulia bosi, silikoni inayeyuka hiyo. Haiyeyuki. Silikoni ikishashika, petroli inaivimbisha na kuilegeza kidogo tu, ikikauka inarudi vilevile, na hapo pembeni kuna jamaa anachomelea geti sijui mnategemea nini.

Uvumilivu ukiisha ndo msasa unatoka, au grenda kabisa, na hapo ndo injini inauawa kimyakimya. Alumini ni laini, ukikwangua na bisibisi unaacha mfereji na oili itapita hapohapo hata umalize tyubu nzima ya silikoni mpya. Alafu zile chenga za msasa zikibaki ndani zinaingia kwenye oili zinaenda kutafuna beringi za krenki, ile shafti kuu inayozunguka ndani ya injini, ndo maana General Motors walishawaonya mafundi wao wasitumie diski za msasa kusafisha sehemu za gasketi.

Chukua plastiki ngumu, hata rula ya shule, inoe ukingo, ilaze na usukume taratibu mpaka silikoni inyanyuke, ukishapata ncha ivute kwa vidole inakuja ndefu kama tambi. Utando unaobaki sugua na kitambaa kikavu. Kwenye blok ya chuma wembe sawa, alumini ulaze sana. Mwisho pulizia breki klina, ile dawa ya kopo ya kusafishia breki, na matundu ya bolti usiyasahau, oili ikibaki mle inachuruzika inaharibu silikoni mpya kabla haijashika.