Bierstadt Alikuwa na Kamera

Juma lililopita nimeambiwa tena, na safari hii na mwalimu mwenzangu, kwamba wachoraji wa pori la Marekani katika karne ya 19 walichora walichokiona kwa sababu hawakuwa na njia nyingine ya kukihifadhi. Nimechoka kulijibu jambo hili kwa upole.

Albert Bierstadt, mmoja wa wachoraji hao, mzaliwa wa Solingen, Ujerumani, alipofuatana na msafara wa upimaji barabara wa Frederick Lander kuelekea magharibi mwaka 1859, alikuwa na kamera mizigoni mwake, na nduguze wawili walikuwa wapiga picha. Angetaka nakala ya mlima, angeipata. Alirudi na picha pamoja na michoro midogo ya rangi za mafuta, kisha akaingia studio New York, kama alivyofundwa uchoraji mjini Düsseldorf, akatunga. Turubai lake la Lander's Peak la mwaka 1863, lenye upana wa zaidi ya mita 3, linaonyesha kilele ambacho hakilingani na chochote katika safu ya Wind River, milima ambayo turubai hilo linasemekana kuionyesha. Tazameni mwanga: sehemu ya mbele, palipo na kambi ya Washoshone, wenyeji wa asili wa eneo hilo, imefifia, huku jua likiangukia maporomoko ya maji yaliyowekwa katikati kabisa, kama taa ya jukwaani. Hata hivyo farasi, mahema na mawe vimechorwa na mtu aliyekaa mbele yake akavichunguza. Ukweli umo katika vipande, si katika mpangilio, na kuuita mpangilio huo udanganyifu ni kumlaumu mshairi kwa kupanga vina.

Thomas Moran, mchoraji mwenzake wa mandhari, naye alihamisha miamba ya korongo la Yellowstone, na Bunge la Marekani likalinunua turubai lake mwaka 1872 kwa dola 10,000 bila kulalamika.

Kinachonitatiza ni kingine. Mwaka 1868, akiwa Roma, Bierstadt alichora milima ya Sierra Nevada: kulungu wapo kando ya ziwa, binadamu hayupo. Alikuwa amelizuru Bonde la Yosemite, lililomo katika milima hiyohiyo, mwaka 1863, miaka 12 baada ya wanamgambo kuingia humo kuwafukuza Waahwahneechee, wenyeji wa bonde hilo. Hapo utetezi wangu unalegea, kwa maana kuhamisha mlima nitasema ni utunzi hata mbele ya hakimu, lakini nikitakiwa kutetea kwa hoja hiyohiyo kumwondoa mwenye bonde kwenye picha, ulimi wangu unakuwa mzito.