Mlio wa "kwaa" haumaanishi tela limeshika
Madereva wengi hapa Dar, hasa kwenye yadi zilizobanana za Kurasini, wanaamini ukirudisha hosi (kichwa cha lori) chini ya tela ukasikia kwaa basi tela limeshika, twende. Hapana jamani! Tela likiwa juu sana kingipini, ile pini ya chuma chini ya tela, inaweza isiingie vizuri kwenye taya za sahani ya hosi inayobeba tela, na mlio ukausikia vilevile, alafu unaingia barabara ya Mandela tela linabaki nyuma. Shuka na tochi uchungulie, sahani na bamba la tela viwe vimegusana bila upenyo, taya zimeizunguka shingo ya kingipini. Kisha miguu ya tela ikiwa bado chini, breki za tela zimefungwa, weka gia ndogo uvute taratibu, likishika halisogei kwahiyo usiniambie yadi ndogo. Na utingo asisimame katikati ya hosi na tela, naomba sana hili.