Je, darasa la wagonjwa wa kudumu linapunguza upweke? Dhana potofu kuhusu vipimo

Kwa zaidi ya miaka 40, watu wenye magonjwa ya kudumu kama kisukari, pumu, baridi yabisi na moyo wamekuwa wakifundishwa kwa vikundi namna ya kuishi na hali zao. Mtaala unaojulikana zaidi ulitungwa Chuo Kikuu cha Stanford na Kate Lorig pamoja na wenzake: wiki 6, saa mbili na nusu kila wiki, wawezeshaji wawili ambao kwa kawaida angalau mmoja wao naye ni mgonjwa. Zamani tathmini ziliuliza zaidi juu ya maumivu, mazoezi na siku za kulazwa. Siku hizi wafadhili wanataka kujua jambo jingine: darasa hilo linawarudisha watu kwa watu? Swali ni zuri. Tatizo ni jinsi linavyojibiwa.

Dhana: Darasa likijaa na watu wakicheka, uhusiano umejengeka

Karatasi ya mahudhurio inaonyesha nani alikuja, basi. Mtu anaweza kuhudhuria vipindi vyote, akacheka na wenzake, kisha akarudi nyumbani asiwe na wa kumpigia simu usiku akizidiwa. Nayo fomu ya maoni ya kipindi cha mwisho hujazwa huku mwezeshaji akiisubiri mkononi. Nani atamwandikia kuwa hakupata kitu?

Dhana: Upweke, kutengwa na kukosa msaada ni jambo moja, kwa hiyo kipimo chochote kinafaa

Hili ndilo kosa linaloharibu tathmini nyingi, tena huharibika kabla hata dodoso la kwanza halijajazwa.

Kipimo kifupi cha Lubben kina maswali 6 juu ya ndugu na marafiki: wangapi huonana au kuwasiliana nao angalau mara moja kwa mwezi, wangapi unaweza kuwaambia mambo yako ya ndani, wangapi unaweza kuwaomba msaada. Alama ni 0 hadi 30, na chini ya 12 huchukuliwa kuwa hatari ya kutengwa. Kipimo kifupi cha upweke cha UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles) kina maswali 3 tu, alama 3 hadi 9, kubwa zikimaanisha upweke zaidi, nacho kinauliza unavyojisikia: ni mara ngapi unakosa mtu wa kuwa naye, unahisi umeachwa kando, unajiona uko mbali na wengine. Neno lenyewe "upweke" halimo, na hilo ni faida, maana wengi huona haya kulikiri. Kipo pia kipimo cha msaada wa kijamii kiitwacho MOS, chenye maswali 19, kinachouliza kama yupo wa kukusikiliza, kukupeleka kwa daktari au kukupikia ukiwa kitandani.

Chukua mjane mwenye ugonjwa wa mapafu ambaye watoto wake wanne humpigia simu kila siku. Kwa maswali ya Lubben juu ya ndugu, hana shida. Kwa UCLA anaweza kuwa na upweke mkubwa, kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya hao wanne anayejua hofu ya kukosa pumzi katikati ya ngazi. Darasani anakutana na watu wanaoijua. Upweke wake unashuka, lakini alama ya Lubben inabaki palepale, kwani hao wa darasani hawahesabiwi kuwa ndugu wala marafiki. Mtathmini aliyechagua Lubben ataripoti kwamba darasa halikufanya kitu. Aliyechagua UCLA atashangilia. Wote wawili wamemwona mama yuleyule.

Dhana: Swali la "ugonjwa umekuzuia kiasi gani kushirikiana na watu" linatosha

Watafiti wa Stanford walitengeneza kipimo kidogo cha maswali 4 kinachotumika sana. Kinauliza ugonjwa umeingilia kiasi gani shughuli zako na familia, marafiki au majirani, mambo unayoyapenda, kazi za nyumbani, na kwenda kununua vitu. Katika jaribio lao kubwa lililochapishwa mwaka 1999, walioingia darasani walionyesha nafuu kwenye vizuizi hivyo miezi 6 baadaye kuliko waliokuwa wakisubiri zamu yao.

Ni matokeo ya kweli, ila yasilazimishwe kusema yasichokisema. Kipimo hicho kinapima kizuizi. Kwamba goti halikuzuii tena kutoka hakuthibitishi kwamba umetoka, wala kwamba huko nje palikuwa na mtu anayekungoja. Zaidi ya hayo, maswali mawili kati ya manne yanahusu kazi za nyumbani na manunuzi, kwa hiyo alama ya kizuizi inaweza kushuka kwa sababu mtu ameanza kufagia tena. Ni habari njema, lakini si uhusiano.

Dhana: Pima wiki ya kwanza, pima wiki ya sita, toa tofauti

Wiki ya sita mtu bado yumo ndani ya kikundi. Ukimuuliza kama ana watu wanaomwelewa, atasema anao, kwa kuwa amekaa nao hivi punde. Hapo umepima ukumbi. Mwulize miezi 6 au mwaka baada ya kikundi kutawanyika, ndipo utajua alichobaki nacho.

Jambo la pili, watu hujiandikisha wakati mambo yamewachacha. Mtu aliye kwenye kipindi chake kibaya kuliko vyote, mara nyingi hupata nafuu kidogo hata asipofanya lolote, hivyo bila kundi la kulinganisha nafuu hiyo ya kawaida itaandikwa kwa jina la darasa. Orodha ya wanaosubiri zamu husaidia. Ila kama unataka kujua kilichofanya kazi ni mafunzo au ni ile kukaa pamoja tu, unahitaji kundi la tatu linalokutana kwa saa zilezile bila mtaala. Wachache hulipia kundi hilo. Nadhani wengine huogopa jibu lake.

Halafu wapo walioacha katikati. Huenda ndio wapweke zaidi, na wakifutwa kwenye hesabu, wastani wa waliobaki unapendeza bila mtu yeyote kubadilika.

Dhana: Alama za msaada zikishuka, darasa limeshindwa

Si lazima. Mafunzo hubadilisha rula ya mtu. Aliyedhani anasaidiwa vizuri na familia anaweza kujifunza darasani maana ya kusaidiwa bila kuamuliwa kila kitu, akarudi na kujipa alama za chini kuliko mwanzo. Watafiti wa Australia waliotengeneza heiQ, dodoso la kupima matokeo ya elimu ya afya, ambalo lina sehemu ya ushirikiano na msaada wa kijamii, wamelichunguza tatizo hili kwa kuwataka washiriki mwishoni wajipime tena walivyokuwa mwanzoni. Mbinu hiyo nayo ina kasoro, kwani kumbukumbu hupenda kuona maendeleo.

Upo pia upande wa sakafu: aliyeanza na alama 3 kwenye UCLA hawezi kushuka zaidi. Ukijaza darasa watu wasio na upweke, wastani hautasogea hata mafunzo yawe mazuri vipi.

Dhana: Washiriki 120 ni ushahidi wa watu 120

Kama walikaa kwenye vikundi 10, una vikundi 10. Mwezeshaji mmoja hodari huinua watu 12 kwa pamoja. Takwimu zisipozingatia hilo zitajiamini kupita kiasi.

Dhana: Uhusiano hurefusha maisha, kwa hiyo darasa linarefusha maisha

Uchambuzi wa mwaka 2010 ulioongozwa na Julianne Holt-Lunstad ulijumlisha tafiti 148 zenye watu 308,849 na kukuta uwezekano wa kuendelea kuishi ukiwa mkubwa kwa asilimia 50 kwa wenye mahusiano imara. Takwimu hiyo haikosekani kwenye maombi ya fedha. Lakini tafiti hizo ziliwafuatilia watu na mahusiano waliyokuwa nayo tayari. Hazikupima darasa la wiki 6. Mwandaaji angefanya vyema kuongeza swali moja dogo kwenye dodoso la miezi 6: katika wiki mbili zilizopita, umewasiliana na yeyote uliyekutana naye darasani, na nani alianza kumtafuta mwenzake?