Kumtoa mtoto pampasi: maswali yanayoulizwa sana

Mtoto aanze poti akiwa na umri gani?

Wengi wanakuwa tayari kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka 3, ila usihesabu miezi tu, mwangalie yeye. Anakaa mkavu kama masaa mawili? Akibanwa anaenda kujificha nyuma ya kochi? Ukimwambia kalete kiatu anaelewa, na kaptula anaweza kushusha mwenyewe? Ukiona mengi ya hayo anza. Ila sio wiki ambayo dada wa kazi kaondoka au mdogo wake ndo kazaliwa, hapo msubiri kwanza atulie.

Mama mkwe anasema wao walianza na vichanga, ni kweli?

Kweli kabisa, tena imeandikwa. Mwaka 1977 watafiti wawili, Marten na Rachel deVries, walieleza kwenye jarida la Pediatrics jinsi akina mama wa Kidigo pwani ya Kenya wanavyofanya: mtoto ana wiki chache tu, mama anakaa chini kanyoosha miguu, anamweka mtoto katikati ya miguu kampa mgongo, anamtolea sauti ya shuu, akikojoa anabembelezwa au ananyonyeshwa, mpaka mtoto anazoea kwamba sauti ile na mkao ule ni wa kukojoa. Kwenye miezi 5 au 6 wengi walikuwa hawajilowanishi tena mchana wala usiku. Kwahiyo msimcheke bibi. Ila muelewe kwamba pale mama yuko na mtoto mgongoni siku nzima na kila dalili yake anaijua, sasa wewe unayetoka alfajiri kuwahi daladala na kurudi usiku, kama anayebaki na mtoto hafanyi hivyohivyo haitakaa sawa.

Za mtandaoni je, ile ya siku moja inafanya kazi?

Ile ilianzia kwa wanasaikolojia wawili, Foxx na Azrin, Marekani, 1973. Mtoto anapewa vinywaji vingi ili akojoe mara kwa mara, anafundishwa kwa kumuonyesha mdoli, chupi inakaguliwa kila baada ya muda, akifanikiwa anasifiwa na kupewa zawadi. Watoto wao walijifunza kwa wastani wa kama masaa manne, lakini walikuwa na mwalimu aliyekaa nao tu hana kazi nyingine. Nyumbani wazazi wengi wanaishia kugombana na mtoto.

Mimi nashauri zaidi ile ya polepole ya Dk. Brazelton, daktari wa watoto wa Marekani, ya mwaka 1962: kwanza anakalia poti akiwa na nguo zake, baadae bila nguo, baadae unamwaga kinyesi cha pampasi humo aone kinapokwenda, na akikataa unaacha wiki kadhaa bila ugomvi. Watoto zaidi ya 1,100 aliowafuatilia waliweza mchana wakiwa na karibu miezi 28 kwa wastani.

Choo chetu ni cha shimo, mtoto analia akikiona.

Ana haki ya kuogopa, lile tundu kwake ni kubwa. Mpe poti, miguu ikanyage chini vizuri, kisha mwaga chooni na mnawe sabuni wote wawili, maana kinyesi cha mtoto kina vijidudu kama cha mtu mzima. Wa kike mfute kutoka mbele kwenda nyuma.

Anakojoa vizuri ila haja kubwa anabana mpaka anatetemeka.

Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanadhani ni ukaidi. Mara nyingi alishawahi kupata choo kigumu kikamuumiza, sasa anaogopa, na akibana kinazidi kukauka, kinauma zaidi, anabana tena. Mrudishie pampasi kwa muda, acha kumlazimisha. Mpe papai, embe, mboga za majani, maharage, maji, na maziwa kama ni mengi mno punguza. Ikiendelea nenda kituo cha afya akapewe dawa ya kulainisha. Na kile kipande cha sabuni wanachomchomeka mtoto jamani acheni, kinaunguza.

Ana miaka 5 bado anakojoa kitandani, nimchape?

Hapana, usimchape na usiruhusu wenzake wamwimbie kikojozi. Amelala, hajui. Kwenye watoto 100 wa umri huo kama 15 bado wanakojoa usiku, na mara nyingi baba au mama naye alikuwa hivyo. Muamshe akojoe kabla hujalala wewe, mwekee nailoni chini ya shuka, muda mwingi inaisha yenyewe.

Lini nimpeleke hospitali?

Akilia wakati wa kukojoa, akiwa na homa, mkojo una damu. Na kama alishakaa miezi mingi mkavu halafu ghafla anaanza kujikojolea huku anakunywa maji sana na anakonda, usingoje kesho, mpeleke siku hiyohiyo akapimwe sukari.