"Dar joto, weka nzito": tunayodanganyana kuhusu oili na servisi

Ukisimama kwenye duka la spea Gerezani, Kariakoo, ukaulizia oili ya Toyota IST, muuzaji hakuulizi injini gani. Anauliza, "Bosi, nikupe ya bei gani?" Ukisitasita anakusaidia: "Beba 20W-50. Dar joto, weka nzito." Kauli hiyo nimeisikia kwa mafundi, kwa madereva teksi, na kwa mjomba wangu ambaye gari lake la mwisho lilikuwa Datsun. Kwa Datsun ya mjomba huenda ilikuwa sawa.

Dhana yenyewe ni kwamba nchi ya joto inataka oili nzito. Ukweli ni kwamba injini ikishapata moto haijui kama iko Mbagala au Makambako. Ina thamostati, na kazi ya thamostati ni kuyaweka maji ya rejeta kwenye nyuzi takriban 85 hadi 95, jua liwake au baridi ipige. Kinachopandisha joto la oili kwelikweli ni mzigo: gari limejaa watu na magunia, linapanda Kitonga kwa gia ya pili. Jua la Posta mchana mchango wake ni mdogo.

Tuzisome hizo namba. Kwenye 5W-30, W ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi, na namba ya mbele inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa ya baridi. Namba ya nyuma ndiyo uzito wake ikiwa ya moto, na hupimwa kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo anayekwambia 0W-20 "ni maji tu" anaitazama kwenye kopo, ikiwa baridi, mahali ambapo haifanyi kazi. Asubuhi unapowasha gari, sekunde za kwanza ndizo chuma kinasuguana na chuma kabla oili haijafika juu, na hapo nyepesi huwahi. Kwenye injini zenye VVT-i kuna jambo la ziada: oili hiyohiyo ndiyo inayosukuma mtambo wa kubadili muda wa valvu, ikipita kwenye vitundu vyembamba na kichujio kidogo cha wavu. Injini ya namna hiyo ilipimiwa oili yake tangu mezani kwa wahandisi.

Lakini tusimwonee fundi. Vitabu vya magari yaliyouzwa mapya kwenye nchi za joto mara nyingi vina jedwali linaloruhusu 15W-40, hata 20W-50, hasa kwa injini za zamani. Hakuitoa hewani. Kosa ni kuibeba ruhusa ya pikapu ya miaka ya 90 na kuimwagia kila gari linaloingia gereji. Na injini iliyochoka, inayokula oili, unaweza kuipandisha hatua moja, tuseme kutoka 5W-30 kwenda 5W-40, ikapunguza ulaji. Ringi za pistoni zilizolika haziponi kwa hilo. Wauzaji wa magari mkononi wanaujua sana mchezo huu: oili nzito siku ya mteja, moshi unatulia mpaka hela ihesabiwe.

Sasa jibu la gari lako liko wapi? Fungua boneti, tazama mfuniko wa kujazia oili. Mara nyingi namba imeandikwa hapohapo juu yake. Kitabu kilichokuja na gari kutoka Japani kimejaa herufi za kwao, sawa, lakini 0W-20 imeandikwa 0W-20. Pekua ukurasa wa vipimo utaiona, pamoja na idadi ya lita. Wakati mwingine kwenye fremu ya mlango wa dereva au ndani ya boneti utakuta stika ya servisi ya mwisho iliyofanyika kule. Mwaka wake unaweza kukuchanganya, kwa sababu Wajapani huhesabu pia kwa enzi za wafalme wao: enzi ya Heisei unajumlisha 1988, ya Reiwa unajumlisha 2018. Heisei 27 ni mwaka 2015. Hapo utaona gari lilitembea kilomita ngapi siku hiyo, kisha ulinganishe na ulichoambiwa yadi. Wengine wameacha kula chakula cha mchana kwa hesabu hiyo.

Ukishaijua namba, geuza kopo usome herufi za API, taasisi ya Marekani inayopanga viwango vya oili. Kwa injini za petroli, kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele kwenye alfabeti ndivyo kiwango kilivyo kipya: SN ni ya 2010, SP ya 2020. SF ni ya injini zilizotengenezwa hadi 1988, na makopo yake bado yapo madukani, bei chee. IST ya kwanza ilitoka 2002. Fanya hesabu mwenyewe.

Eti oili ikiwa nyeusi imekwisha? Hapana. Oili nzuri ina viambato vinavyookota masizi na kuyashikilia yasigande ndani ya injini, na ndiyo maana ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kumwaga. Rangi ya kuogopa kwenye kijiti cha kupimia ni ya chai ya maziwa: hayo ni maji, na humalizi tatizo kwa kubadili oili. Na ile taa nyekundu yenye picha ya kibirika haisemi "siku ya servisi imefika". Inasema presha ya oili imeshuka. Weka gari pembeni, zima injini, hata kama umebakiza mita mia mbili kufika nyumbani.

Kuhusu kilomita, Toyota kule Japani husema 15,000 au mwaka mmoja kwa injini ya petroli isiyo na tabo, na nusu ya hapo kwa matumizi magumu. Foleni ya Ubungo ni matumizi magumu: injini inanguruma saa nzima, kilomita zinasoma tatu. Mimi humwaga kila 5,000 na sioni haya.

Tuje kwa wakala, yaani gereji rasmi ya kampuni ya gari. Dhana ya kwanza: usipofanya servisi kwake, waranti imekufa. Marekani ina sheria ya tangu 1975 inayomkataza mtengenezaji kukufunga kwa bidhaa au huduma yake ya kulipia ili waranti isimame, na Afrika Kusini mwongozo wa mwelekeo huohuo ulianza kutumika mwaka 2021. Kwetu soma mkataba wako, na utunze risiti zinazotaja namba ya oili, filta na kilomita. Ila wengi wetu tunaendesha magari ambayo waranti yake iliishia Japani miaka kumi iliyopita, kwa hiyo kitisho hicho hakituhusu.

Dhana ya pili: wakala ana oili ya kipekee. Oili yenye nembo ya gari hutengenezwa na kampuni za vilainishi. Kopo lolote halisi lenye namba na kiwango kilichotajwa kitabuni linatosha. Wenye magari ya Ulaya ndio wawe waangalifu zaidi, maana Mercedes inaweza kudai kiwango chake cha 229.5 na Volkswagen chake cha 504 00, na hayo lazima yaandikwe kwenye kopo.

Dhana ya tatu ni ya upande wetu: kwa wakala ni wizi mtupu. Hiyo nilikuwa naiamini. Niliwahi kupeleka Probox ya ofisi kwa wakala mmoja, injini 1NZ, inayobeba lita 3.7 pamoja na filta. Ankara ikaja na lita 5. Nikavuta kijiti, nikakifuta, nikakirudisha, nikakivuta tena: oili imesimama sawasawa kwenye alama ya juu. Nikamuuliza kijana wa mapokezi lita moja na ushee imekwenda wapi. "Kaka, mfumo wetu unatoza galoni zima." Sawa, nikasema, basi naomba galoni langu. Alikaa ndani dakika ishirini. Alirudi nalo bila mfuniko, mdomo umezibwa kwa kipande cha nailoni, ndani oili safi ya rangi ya asali. Nililiweka buti, na ndilo nililokuwa naongezea mpaka servisi iliyofuata.