Kula upya baada ya upasuaji wa saratani ya umio

Umio, mrija wa sentimita 25 hivi unaopeleka chakula tumboni, ukikatwa kwa sababu ya saratani haurudishwi. Mpasuaji huligeuza tumbo lenyewe kuwa mrija mwembamba, akalipandisha na kuliunganisha na kipande cha umio kilichosalia, kifuani au shingoni. Familia ichorewe jambo hili kwenye karatasi kabla ya upasuaji, maana shida nyingi za mezani chanzo chake ni hapo.

Mgonjwa hana tena ghala la kuhifadhi mlo mzima. Ale kidogo kidogo, mara 6 hadi 8 kwa siku, atafune hadi chakula kilainike kabisa, na maji ayanywe nusu saa kabla au baada ya kula. Kizuio kilichokuwa chini ya umio nacho kimeondolewa, kwa hiyo akilala chali chakula na nyongo hupanda, vikaweza kuingia mapafuni. Asile kwa muda wa saa 2 hadi 3 kabla ya kulala. Miguu ya kitanda upande wa kichwani iwekewe matofali, kwa sababu mito peke yake huteleza usiku.

Sukari ndiyo inayowaponza wengi. Kwa mapenzi, ndugu humletea soda, glukosi au uji wenye sukari tele ili apate nguvu. Vinywaji hivyo hushuka upesi kwenye utumbo mwembamba na kuvuta maji mengi: ndani ya nusu saa moyo unakwenda mbio, jasho linamtoka, tumbo linakata na kuhara kunaanza. Wengine hutetemeka na kuona kizunguzungu saa 1 hadi 3 baadaye, sukari ya damu inaposhuka. Afadhali uji wa maziwa na karanga zilizosagwa laini, mayai, au maharage yaliyopondwa.

Apimwe uzito kila wiki kwa mizani ileile. Kupungua miezi ya mwanzo ni kawaida, lakini akiendelea kushuka amwone daktari.

Chakula kikianza kukwama tena, wengi hudhani saratani imerudi, wakakata tamaa na kubaki na uji tu. Mara nyingi ni kovu limebana pale palipounganishwa, na daktari hulipanua kwa kutumia endoskopi (mrija mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni), pengine zaidi ya mara moja. Arudi hospitali mapema, achunguzwe, kabla mate hayajaanza kumshinda kumeza.